Anayekana Deni Hawezi Kulidai

Kuna hoja moja iliyoota mizizi huku Kivu Kaskazini, Kongo, kando ya Barabara ya Taifa namba 2, kuanzia Kanyabayonga hadi Butembo, na siku hizi hakuna anayejisumbua kuidai ushahidi. Utaisikia Kirumba kwenye foleni ya mashini ya kusaga, utaisikia ndani ya gari la abiria lililokwama kwenye tope, utaisikia hata midomoni mwa watu wenye shahada. Inasema hivi: mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya wazungu. Wao walichoma makaa ya mawe na mafuta wakatajirika. Leo wanatuambia tusiguse msitu, tusichimbe mafuta, tusiwashe jenereta, turidhike na vipaneli vya kuwashia taa mbili. Mvua ni ya Mungu, na misimu ilikuwa ikibadilika tangu enzi za mababu. Umeme wa kweli ni wa mazutu, yaani dizeli. Sola ni ya maskini.

Si hoja ya kuchekwa. Wanaoitoa wana kumbukumbu ndefu. Mwaka 1925 Wabelgiji walichora mpaka wa mbuga wakaipa jina la mfalme wao, Albert. Ndiyo Virunga ya leo, na mpaka huo bado unagombanisha wakulima na walinzi. Miaka ya 2010 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipewa ruhusa ya kutafuta mafuta ndani ya mbuga hiyohiyo ambamo mkulima haruhusiwi kulima maharagwe, na ikasitisha mwaka 2014 baada ya kelele kubwa za dunia. Mtu aliyeyaona hayo akisikia mgeni anahubiri kutunza mazingira, lazima aulize: safari hii mnataka nini?

Hasira hiyo ni halali, na siitaki ipoe. Ninachokipinga ni pale inapoishia. Mtu anayesema "wazungu wametuharibia" na papo hapo akasema "hakuna kilichoharibika" amejifunga kwa kamba yake mwenyewe. Ukitaka kulipwa hasara, kwanza ukubali kwamba hasara ipo. Anayekana deni hawezi kulidai.

Hoja inayopendwa kuliko zote Kivu Kaskazini ni ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na Nyamulagira nayo haipumziki, mtu huuliza: moshi wote huo, kisha mnaniambia ni magari na jenereta zinazopasha dunia joto? Swali zuri, na jibu lake ni la hesabu. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka mzima hazifikii hata asilimia moja ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Moshi wa Nyiragongo unatisha kwa sababu uko juu ya vichwa vyetu na unatoka mahali pamoja. Moshi wa binadamu unatoka kwenye mamilioni ya mabomba ya magari, viwanda na vituo vya umeme, usiku na mchana, na hakuna anayeuona wote kwa pamoja. Jicho linadanganywa na ukubwa wa tukio, mzani haudanganywi.

Wengine husema ni jua lenyewe limezidi. Nalo hilo lilipimwa. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza moto, hewa ya juu kabisa na hewa ya chini zingepata joto pamoja. Vipimo vinaonyesha kinyume: huku chini joto linapanda, kule juu kabisa hewa inapoa. Hiyo ndiyo alama ya joto lililozuiwa chini lisitoke. Na kwamba hewa ukaa huzuia joto si jambo lililobuniwa juzi ili kutunyima mafuta. John Tyndall alilionyesha kwa vyombo vyake London mwaka 1859, miaka 25 kabla ya wakubwa wa Ulaya kukaa Berlin na kuigawana Afrika. Wakati huo hakukuwa na mkutano wa tabianchi, wala mbuga ya Virunga, wala kampuni ya kuuza paneli.

Hapa pana kinaya ambacho wenye hoja hii hawajakitazama. Wanadhani wanapinga ujanja wa wazungu. Lakini shaka yenyewe ilitengenezwa wapi? Mwaka 1977 wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliwaeleza wakubwa wao kwamba kuchoma mafuta kutapandisha joto la dunia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walichora makadirio ambayo yamekuja kutimia kwa usahihi wa kushangaza. Walijua. Kisha, mwaka 1989, kampuni za mafuta, makaa ya mawe na magari ziliunda muungano ulioitwa Global Climate Coalition, ambao hadi ulipovunjwa mwaka 2002 ulitumia fedha na wanasheria kuwaambia watu kwamba mambo bado hayajulikani. Shaka iliyopikwa kwenye ofisi za Marekani kulinda faida ya mafuta imevuka bahari, imepita Mombasa na Kampala, na leo inauzwa Kirumba kama hekima ya kupinga ukoloni. Kama tunataka kukataa kutumiwa, basi tuanze kwa kukataa kutumiwa na hawa.

Ushahidi wetu wa karibu uko mlimani. Siku isiyo na mawingu, mtu wa Mutwanga akiinua macho anauona Ruwenzori. Mwaka 1906 Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vyake na msafara wake ukapima barafu. Kutokana na ramani za wakati ule, barafu hiyo ilienea kilomita za mraba 6 na nusu hivi. Ilipopimwa tena mwaka 2003 ilikuwa haifiki kilomita moja ya mraba. UNESCO inakadiria kwamba kabla ya mwaka 2050 barafu yote ya milima ya Afrika itakuwa imekwisha. Kule juu kwenye barafu hakuna kiwanda wala barabara ya malori. Barafu ile ni kipimajoto kilichowekwa mahali ambapo mwanasiasa hawezi kukigusa, na usomaji wake hautegemei nani anamchukia nani.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaharakati wanaotisha watu kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Si kweli kwa mito yetu: mchango wa barafu katika maji ya Ruwenzori ni mdogo sana, mito inalishwa na mvua. Nalisema hili kwa sababu hoja nzuri haihitaji chumvi, na kila mara tunapotia chumvi tunampa mwenye shaka sababu ya kukataa hata lililo kweli.

Kwa uaminifu huohuo nitazame Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yalifunika Bushushu na Nyamukubi, Kivu Kusini, yakaua watu zaidi ya 400, mbali na wengi ambao hawakuonekana tena. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima ni kiasi gani mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile, wakatangaza kwamba hawawezi kusema. Mwenye shaka ataruka hapo hapo: mmeona, hata wenyewe wamekiri! Asome sababu waliyoitoa. Hawakuweza kwa kuwa hakukuwa na takwimu za mvua za kutosha. Vituo vingi vya hali ya hewa vilivyokuwapo nchini wakati wa ukoloni vilikwisha kunyamaza, na hatukujenga vingine vya kutosha. Kutojua kwa sababu hukupima si sawa na kujua kwamba hakuna kitu. Watu wa Kalehe walikufa, na hata haki ya kujua kilichowaua walinyimwa kwa kukosekana kipimo cha mvua. Kwa hiyo anayetaka ushahidi wa Kivu asiishie kudai ushahidi. Adai vipimo kila shule, kila parokia, kila kituo cha afya kutoka Kayna hadi Lubero. Kipimo cha mvua ni chombo rahisi, na mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kukisoma kila asubuhi.

"Lakini misimu ilibadilika hata zamani." Ilibadilika, ndiyo. Mababu walikuwa na jibu ambalo sisi hatuna: nafasi. Ardhi ikichoka au joto likizidi, walipanda kilima kinachofuata. Leo nenda Lubero uone vilima: vimelimwa hadi kileleni. Kahawa ya arabika inapenda ubaridi, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Joto likipanda, shamba lake linasogea juu, na kilima kina mwisho. Anayesema "ilikuwa hivyo tangu zamani" anasahau kwamba zamani hapakuwa na jirani kila upande.

Na anayesema mvua ni ya Mungu simpingi. Lakini moshi ni wetu. Papa Fransisko aliwaandikia watu wote waraka wa Laudato Si' mwaka 2015 kueleza hilo hilo, na katika jimbo la Butembo-Beni, ambako parokia zina mashamba, shule na hospitali, si barua ya kuwekwa kabatini.

Sasa tuje kwenye deni. Mkongo wa kawaida, ukihesabu mafuta na makaa ya mawe anayochoma, hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani mmoja hufikisha tani 14 hivi, yaani zaidi ya Wakongo mia moja. Afrika nzima haifikii asilimia tano ya moshi wa dunia. Wenye shaka huitumia hesabu hii kumaliza mazungumzo: basi si letu. Mimi naona ndipo mazungumzo yanapoanza, kwa kuwa hesabu hii ni hati ya madai. Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, nchi za dunia zilikubali kuundwa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu, baada ya nchi maskini kupigania jambo hilo miaka mingi. Kinshasa ilikuwa imeandaa mkutano wa matayarisho mwezi mmoja kabla yake. Mwaka mmoja mapema, Glasgow, Rais Tshisekedi aliidhinisha makubaliano ya misitu ya 2021 hadi 2031, yenye ahadi ya dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Ila mdaiwa humlipa nani? Hamlipi anayepiga kelele sokoni kwamba hakukopwa kitu. Kijiji cha Lubero kilichopoteza daraja kwa mafuriko, kikisimama na kusema mabadiliko ya tabianchi ni uongo, kimemfutia mdaiwa jina kwenye daftari.

Mtu ataniambia fedha hizo haziji huku, zinaishia Kinshasa. Hilo ni shauri la nani anashika mfuko, na ni vita vya kupigana mahali pake. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kudai mshahara wa mwalimu kwa sababu unachelewa njiani. Tunaudai kwa nguvu zaidi.

Wengine wanasema heri tuuze mafuta yetu, tutajirike kama wao. Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, na Oktoba 2024 ikaufuta. Kabla ya kuulilia mnada ule, mtu aulize Moanda. Kule pwani ya Kongo mafuta yamechimbwa kwa nusu karne hivi. Yanatoka ardhini na kupakiwa melini yakiwa ghafi. Nchi haina mtambo wa kuyasafisha unaofanya kazi, kwa hiyo tunanunua mazutu ya wengine. Lita inayounguruma kwenye jenereta ya Kirumba haina hata tone la Moanda. Imeshuka melini Mombasa, ikapanda Kenya yote na Uganda yote, ikavuka mpaka Kasindi, ikapita Beni na Butembo, na katika kila kituo ikaacha kodi, faida na rushwa. Sisi ndio wa mwisho kwenye mrija, na wa mwisho hulipa za wote.

Kisha vikaja vita. Mwishoni mwa Juni 2024 mapigano yaliikumba Kanyabayonga, kisha Kirumba, na waasi wa M23 wakachukua miji yote miwili. Mstari wa mbele ukasogea kaskazini kuelekea Lubero. Barabara tuliyoizoea kama mshipa wa damu kati ya Kirumba na Butembo ikakatwa na bunduki. Fikiri maana yake kwa zahanati yenye jokofu la chanjo linalotegemea jenereta, au kwa mwenye mashini. Dumu la mazutu linapita bariera moja baada ya nyingine, kila mwenye silaha anakata chake, na ikifika siku barabara imefungwa, halipiti kabisa. Jua halisimamishwi bariera. Kijito hakiombwi karatasi. Hata mtu asiyeamini neno moja la sayansi ya tabianchi, akiishi Kirumba na akajua kujumlisha, hii peke yake ingetosha kumhamisha.

Na ajumlishe kweli. Lita moja ya mazutu ina nguvu ya kilowati-saa 10 hivi. Jenereta ndogo inakupa umeme wa kilowati-saa tatu tu; zilizobaki zinageuka joto na kelele. Yaani mwenye jenereta ananunua madumu kumi kwa bei iliyopanda tangu Mombasa, kisha anamwaga saba. Kwa upande mwingine, bei ya paneli za sola duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Watu wa Butembo hawahitaji kufundishwa mambo haya. Hawa ndio wanaokwenda Guangzhou na Dubai kuleta bidhaa bila msaada wa serikali. Kibiashara hakuna anayewashinda kusoma bei. Kama bado wanaagiza jenereta, ni kwa sababu kuna mnunuzi aliyeambiwa kwamba sola ni ya maskini.

Msemo huo nao una asili, nayo ni bidhaa bovu. Mama anaingia dukani, anauliza: "Papa, hii ni wati ngapi?" Anajibiwa: "Mia tatu, mama, angalia imeandikwa." Ananunua, inawasha taa mbili na kusharji simu, baada ya miezi michache betri imekufa. Anarudi kijijini na habari kwamba sola ni uongo. Tatizo lake linatibika kwa futi ya fundi cherehani. Jua kali la mchana linaleta wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama sehemu moja kwa tano kuwa umeme. Basi paneli ya mita moja ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya wati 200 na kidogo. Ukipima paneli ukakuta ni nusu mita ya mraba, na nyuma imeandikwa 300, mwandishi amekudanganya mara tatu kabla hujalipa. Hakuna kibandiko kinachoweza kulipita jua.

Betri nazo zina adabu yake. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini. Ukiikamua hadi mwisho kila usiku, inakufa mapema. Betri za risasi zilizotengenezwa kwa sola zinataka zisishushwe chini ya nusu. Za lithiamu ni ghali mwanzoni lakini zinavumilia kukamuliwa na kujazwa maelfu ya mara. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo paneli inalazwa karibu bapa, ikiinamishwa kidogo ili mvua iioshe. Haya ni ya kufundishwa na fundi mmoja alasiri moja. Haiwezekani tuhukumu jua kwa kosa la muuza betri.

Atakayesema sola haiwezi kazi ya kiume, aisogelee mashini ya kusaga. Mashini hailii usiku, wateja wanakuja mchana, jua likiwa kileleni. Mota ya kilowati saba hivi inaweza kuendeshwa na paneli moja kwa moja, bila betri hata moja, kwa kifaa kinachorekebisha mwendo wake wingu likipita. Ukungu wa Lubero ukiondoka, saa tatu au saa nne asubuhi unawasha, saa tisa alasiri unazima. Siku ya mvua ya kutwa unayo jenereta ya zamani pembeni. Sisemi itupwe. Nasema ishushwe cheo: kutoka bwana wa nyumba kuwa kibarua wa dharura.

Na penye kijito kinachoshuka, mambo ni bora zaidi. Maji ya lita 100 kwa sekunde yakianguka mita 20 kupitia bomba na tabo ndogo yanatoa kilowati 10 hivi, usiku na mchana. Hiyo ni mashini, jokofu la zahanati, karakana ya seremala na taa za mtaa mzima. Wenye shamba kubwa kwenye miteremko ya Lubero wanalala na umeme huo ukitiririka nyuma ya nyumba, kisha asubuhi wanatuma kijana na chukudu, ile baiskeli ya mbao, akalete dumu la mazutu.

Ushahidi kwamba nguvu hii si ya taa mbili uko karibu. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kituo cha maji cha mwaka 2013 kilifuatwa na kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Beni, mwaka 2017, kampuni ya Nuru ilijenga gridi ndogo ya sola, ya kwanza ya aina yake nchini. Miaka mitatu baadaye ikawasha nyingine Goma ya megawati 1.3. Hayo yote yalifanyika katika eneo lenye vita. Inga, je? Inga ya kwanza ilizinduliwa 1972, ya pili 1982, na waya wake ukavutwa kilomita zaidi ya 1,700 hadi migodi ya Katanga, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa. Hadi leo Wakongo takriban wanne kati ya watano hawana umeme. Ahadi ni deni, na deni hili la Inga Kirumba imelisubiri vizazi viwili. Anayekataa paneli kwa kuusubiri umeme wa Inga anachagua giza kwa heshima ya mradi.

Najua mwenye shaka amebakiza mshale mmoja, na ndio mkali kuliko yote: Luviro. Katika eneo letu hilihili la Lubero, shirika la Virunga lilijenga kituo cha maji chenye megawati 14 na ushei. Kituo kikazalisha, lakini nyaya za kufikisha umeme kwa watu hazikuwa tayari, na tangu 2020 umeme ukaelekezwa kwenye makontena ya kompyuta zinazochimba bitkoini. Wanaoutetea mpango huo husema ni njia ya kupata fedha za mbuga, ambayo ilipoteza watalii, huku wakisubiri mtandao wa nyaya. Hata nikiukubali utetezi huo, aliyekaa gizani kando ya mto ule ana haki ya kukasirika. Lakini akasirikie nini? Maji yale yamethibitisha kwamba kilowati zipo. Kilichokosekana ni nguzo, waya na sauti ya wenyeji kwenye meza ya maamuzi. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi na mikoa. Haijakataza ushirika wa wakulima kumiliki tabo yao wenyewe. Dawa ya Luviro ni umiliki. Kurudi kwenye mazutu ni kubadilisha bwana tu.

Kabla sijamaliza, nina neno na upande wangu pia. Wauza sola na wahisani wanapenda picha ya taa inayowaka kwenye kibanda. Lakini nguvu nyingi ya nyumba ya Kirumba haiko kwenye taa, iko jikoni. Zaidi ya kaya tisa kati ya kumi nchini zinapika kwa kuni au makaa. Tanuru la udongo la kienyeji linapokea kilo 100 za kuni na kurudisha kilo 10 hadi 20 za makaa, na sehemu ya makaa hayo inatoka ndani ya Virunga, ikilisha vikundi vyenye silaha njiani. Ukifunga paneli juu ya paa na chini ya paa ukaendelea kununua gunia hilo, hujahama, umepamba. Mwenye kiwanja kijijini anayehama kweli anapanda mikaratusi ya kukata kwa zamu, anachimba tanuru lililo bora, anatafuta jiko linalobana makaa, na pale penye tabo ya maji anapika kwa umeme wa usiku usiotumika. Mpango usiogusa chungu ni mpango wa wanaume waliokaa sebuleni.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu wa foleni ya mashini: hamjakosea kumshuku mgeni anayewahubiria. Mmekosea kumwamini mgeni mwingine, yule wa mafuta, aliyewafundisha kushuku. Endeleeni kudai kwamba walioharibu walipe: wadaini kwa takwimu, kwa vipimo vya mvua, kwa ramani za barafu ya 1906, kwa majina ya waliozikwa Kalehe. Na mkiwa mnadai, msiwe wateja wao. Haiwezekani kumshtaki mtu mahakamani asubuhi na jioni kwenda dukani kwake kununua dumu.